Picha ya tumbawe jeupe: msiyalaumu maji, itazameni taa

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa utalii wa gazeti lenu ulitoa picha ya mwamba wenye vitone vyeupe kila kona, na katikati yake tumbawe la matawi jeupe pe kama chokaa. Maelezo ya chini yalidai mambo mawili: kwamba maji ya pwani yetu siku hizi yamechafuka, na kwamba tumbawe lile limekufa kwa joto. Huenda yote mawili ni kweli mahali fulani, lakini picha ile haithibitishi hata moja. Sisi tunaopiga picha chini ya maji tunaomba nafasi tueleze kwa nini. Vitone vile vimeletwa na taa iliyokaa pasipo pake. Na weupe ule, ukiangalia jinsi upande wa kivulini wa tumbawe hilo hilo ulivyobaki na rangi yake ya kahawia, umeletwa na taa hiyo hiyo iliyozidi nguvu.

Kwanza, kwa nini mtu abebe taa mchana kweupe. Maji ya bahari hula rangi, na huanza na nyekundu. Ukifika mita 5 nyekundu imeshapungua sana, mita 10 rangi ya chungwa nayo inaaga, na mita 20 mzamiaji aliyejikata kidole huona damu yake ina ukijani. Wengi wanahesabu kina tu, wakasahau kwamba mwanga una safari nzima. Samaki chewa akiwa kina cha mita 8, nawe uko mita 4 kutoka alipo, mwanga wa jua umekata mita 12 za maji kabla ya kuingia kwenye lenzi. Flashi nayo huhesabiwa kwenda na kurudi: kitu kilicho mita 1 mbele yako ni safari ya mita 2. Ndiyo maana hakuna flashi, hata iwe ya bei gani, itakayorudisha wekundu wa tumbawe laini lililo mita 4 kutoka kwenye kamera. Itamulika maji yaliyo katikati, basi.

Na maji hayo hayako matupu. Yana vijidudu, vijimea, punje za mchanga na ute unaotoka kwenye matumbawe yenyewe. Dereva anayepanda Lushoto alfajiri ya ukungu anajua kwamba akiwasha taa kubwa haoni barabara, anaona ukuta mweupe. Kamera ndogo yenye flashi yake kando ya lenzi imo katika hali hiyo hiyo. Chembe iliyo sentimita 10 mbele ya taa inapata mwanga mara 100 ya ule unaomfikia samaki aliye mita 1, kwa sababu umbali ukizidi mara 10 mwanga hupungua mara 10 na tena mara 10. Kitu kidogo kuliko punje ya chumvi kinang'aa kuliko samaki mzima. Maji yanaweza kuwa masafi ya kuona mita 20 na picha bado ikajaa vitone.

Asiyeamini afanye jaribio usiku chumbani. Zima taa, rusha kiganja cha unga wa ngano hewani, halafu mulika ukuta kwa tochi uliyoiweka kwenye paji la uso. Utaona unga tu. Sasa nyoosha mkono pembeni hadi mwisho, tochi ielekee ukuta ule ule. Unga umetoweka, ukuta umebaki. (Tumesema tochi. Si kibatari, unga uliotawanyika hewani hushika moto.)

Chini ya maji kazi ya mkono ule hufanywa na mikono ya taa. Kasha la kamera lisiloingiza maji hufungwa kwenye trei yenye vishikio viwili, na juu ya kila kishikio kuna kifundo cha inchi 1 kinachobanwa kwa klampu na vipande viwili vya mkono. Vipande vya inchi 5 na inchi 8 kila upande vinatosha kazi nyingi. Kwa picha pana ya mwamba, taa zitoke sentimita 50 hadi 60 kutoka kwenye lenzi, nyuso zake ziwe nyuma kidogo ya kioo cha mbele cha kasha, na zitazame mbele moja kwa moja au zifunguke nje kidogo.

Hapo ndipo anayeanza hubisha. Macho yanamwambia azigeuze taa ndani, zimwelekee samaki. Lakini mwanga wa flashi hutoka kwa umbo la faneli, mkali katikati na hafifu pembeni, na kinachotakiwa kimguse samaki ni ule ukingo wa ndani, ili maji yaliyo kati yake na lenzi yabaki gizani. Faneli mbili zikutane pale alipo samaki, zisikutane kabla. Ukisogea karibu zaidi lazima uzivute taa ndani. Ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye tumbawe huku mikono bado imetanuliwa, katikati ya picha patatokea ufito wa giza. Kwa viumbe wadogo, kama konokono wasio na kombe au kamba wa kwenye anemoni, taa zinakaa sentimita 10 hadi 15 tu kutoka kwenye kioo, tena zinaweza kutazama ndani kidogo, maana maji yaliyobaki katikati ni ya upana wa kiganja.

Kuna kosa jingine linalowapata hata wazoefu. Maji huyavuta macho: kitu kilicho mita 1 kinaonekana kama kiko sentimita 75. Macho yamedanganywa, flashi haikudanganywa. Ukiielekeza pale unapodhani samaki mkunga amelala, faneli zinakutana robo mita mbele yake. Lenga nyuma ya unachokiona.

Tuje kwenye nguvu ya taa, maana ndiko pesa za watu zinakopotelea. Kila flashi ina namba yake ya nguvu kwenye karatasi ya maelekezo, kwa kawaida namba ya hewani kwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga). Igawe kwa 3 kupata makadirio ya majini. Flashi ya 24 inakuwa 8. Sasa gawa 8 kwa umbali wa kitu kwa mita upate tundu la lenzi la kuweka, linaloandikwa kwa f (namba ikiwa kubwa tundu ni dogo): mita 1 unapata f/8, nusu mita unapata f/16, mita 2 unapata f/4. Kioo cha kutawanya mwanga kikivalishwa mbele ya flashi, ondoa nusu hatua hadi hatua nzima (hatua moja ni mwanga kuongezeka au kupungua mara mbili). Kwa hesabu hiyo, anayesogea kutoka mita 2 hadi mita 1 anapata mwanga mara 4 bila kununua chochote, na chembe zinazosimama katikati zinapungua nusu. Flashi kubwa zaidi ingemgharimu fedha nyingi na vitone vingebaki pale pale. Kanuni tunayoifuata ni kutopiga kwa flashi kitu kilicho mbali kuliko sehemu ya tano ya uoni wa siku hiyo. Maji ya kuona mita 5 ni siku ya kupiga vya mita 1 kurudi chini. Mwamba mzima uache.

Taa za video zina mantiki yake. Tochi ya lumeni 2,000 au 3,000 inafaa kwa simu iliyo ndani ya kasha na kwa kamera ndogo za kifuani, mradi uwe nusu mita, na uwe kwenye kina, chini ya mwamba au jioni. Kina cha mita 4 saa sita mchana jua linaimeza, hutaona tofauti. Tochi nyingi kali hupozwa na maji yenyewe, kwa hiyo usiiache inawaka juu ya boti. Na kichujio chekundu mbele ya lenzi ni kwa ajili ya mwanga wa jua peke yake. Ukikiacha ukawasha na taa, cha karibu kinageuka chekundu kama kimepakwa rangi, kisha lawama zinakwenda kwa kamera.

Mpangilio wa kamera hautaki ufundi mwingi. Mwamba wa mita 10 hadi 15, saa nne asubuhi: flashi zikiwa zimezimwa, weka ISO 200, f/8, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/125 ya sekunde, elekeza kwenye maji matupu, si kwenye jua, piga. Buluu ikipauka panda hadi 1/200, ikiwa nzito mno shuka hadi 1/80. Hapo umepanga rangi ya maji. Sasa washa flashi kwa nusu ya nguvu, piga tena, ongeza au punguza hadi mwamba wa mbele ukae sawa. Shata inatawala maji ya nyuma, nguvu ya flashi inatawala cha mbele, na tundu la lenzi linagusa vyote viwili, kwa hiyo ukilibadili anza upya. Kamera nyingi zenye pazia la shata hazivuki 1/200 au 1/250 pamoja na flashi. Ukizidisha, sehemu ya picha inatoka nyeusi kwa sababu pazia halijafunguka lote flashi inapowaka. Usiiamini skrini: kwenye kiza cha mita 20 picha iliyofifia huonekana kali. Soma histogramu, mchoro unaoonyesha mwanga wa picha ulivyogawanyika toka giza hadi weupe, na washa lile onyo la sehemu zinazopepesa kwa kuzidi mwanga.

Onyo hilo linaturudisha kwenye picha yenu. Tumbawe la matawi la jamii ya Acropora lina ncha zilizopauka kwa maumbile yake, kwa kuwa ndiko linakokua na vijimea vinavyolipa rangi bado ni vichache hapo. Ncha hizo pia ndizo zinazotangulia kuelekea kwenye taa. Ncha ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye flashi na shina sentimita 40, ncha inapata mwanga mara 4. Ukipanga nguvu kwa kuangalia shina, ncha zimeungua. Ukipanga kwa kuangalia samaki aliye nyuma yake, tumbawe zima limeungua, na mbele ya msomaji linakuwa tumbawe lililopauka.

Namna ya kutofautisha ipo, na haihitaji maabara. Kuza picha. Tumbawe lililopauka kwa joto bado linaonyesha vijikombe vyake vidogo vidogo na kingo za kila kimoja, weupe wenye umbo. Lililounguzwa na taa ni doa tupu lisilo na umbo lolote ndani, kama karatasi. Tazama upande wa kivuli: kupauka kwa kweli hakuishii kwenye mpaka wa kivuli cha taa. Mpiga picha naye, kabla hajaondoka pale, apige mara tatu: bila flashi, kwa robo ya nguvu, na kwa nusu. Akiwa na kadi ya rangi ya CoralWatch, ile ya Chuo Kikuu cha Queensland iliyoanza mwaka 2002, aiweke kando ya tumbawe ndani ya picha ili vyote viwili vipate mwanga mmoja. Kadi ikitoka nyeupe isivyo, picha hiyo haifai kwa ushahidi.

Kuna na neno "limekufa". Tumbawe lililopauka limetoa vijimea vyake, lakini nyama bado iko hai, na maji yakipoa mapema linaweza kurudi. Lililokufa halikai jeupe. Baada ya wiki chache linavaa mwani na kuwa la kijani au kahawia chafu. Kwa hiyo "jeupe pe" na "limekufa zamani" havikai katika sentensi moja. Pwani hii imepigwa na kupauka kwa kweli mwaka 1998, 2016 na 2024, na wanaofuatilia miamba wanategemea sana picha za wapiga mbizi wa kawaida. Picha ya flashi iliyozidi inayoingia katika kumbukumbu hizo ni hasara, na picha ya mita 18 isiyo na taa kabisa ni hasara vilevile: kila kitu humo ni kijivu na buluu, mtu akasema mwamba umepoteza rangi.

Usiku una mambo yake, na wavuvi wa dagaa wanayajua kuliko sisi. Wanatoka na taa wakati wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa sababu mwanga huita. Tochi ya kulengea iliyo juu ya kamera inafanya uvuvi huo huo kwa udogo. Iache inawaka dakika 1 mahali pamoja na minyoo na vikamba vidogo vitakuwa vinazunguka mbele ya lenzi, na katika picha vitatoka kama nyuzi nyeupe. Izime kati ya picha na picha, au tumia mwanga mwekundu, ambao viumbe wengi wa usiku hawaujali sana. Pono aliyelala ndani ya mfuko wake wa ute asimulikwe kwa muda mrefu. Samaki walao wenzao wamejifunza kufuata tochi za wazamiaji, na utakayemwonyesha ataliwa.

Swali la kama flashi huwaumiza samaki macho linaulizwa kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Scientific Reports ulipima samaki wanaokaa kwenye sakafu ya bahari, wakiwemo farasi wa baharini, na ukakuta flashi haikuwasumbua kuliko kule kuwepo kwa mzamiaji. Kilichowasumbua hasa ni kuguswa na kusogezwa ili wakae vizuri kwa picha. Wanaobeba kijiti cha kuwasukumia wanyama wasome hapo mara mbili. Hata hivyo kuna mahali flashi haina nafasi. Potwe, yule papa mkubwa, wa Kilindoni, Mafia, huogelewa nao karibu na uso wa maji ambako jua linatosha, na potwe hufuata chakula, nacho chakula chake ndicho vile vitone. Kasa anayepanda ufukweni kisiwa cha Juani, Mafia, usiku kutaga akimulikwa hugeuka kurudi baharini, na watoto wake wakitoka huifuata taa badala ya bahari.

Sasa maji yenyewe, maana hatusemi hayana mchango. Mvua za masika huleta tope la Rufiji, Pangani na Sabaki, na kusi likivuma kwa nguvu mchanga huinuka. Lakini ndani ya mwezi mmoja, mahali pamoja, tofauti kubwa ni ya maji kujaa na kupwa. Kwenye mlango wa Kinasi, Ghuba ya Chole huko Mafia, maji yanayojaa huleta maji ya bahari kuu, na yanayotoka hubeba uchafu wote wa ghuba na mikoko. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, mkondo huo ni mkali zaidi. Picha inayosema "maji yamechafuka" ingepaswa kutaja saa na bamvua kwanza. Kisha kuna tope la kujitakia: pezi moja likigusa mchanga, dakika 5 hakuna picha hapo. Kaa kando ya mkondo. Tope lako litapita pembeni, na samaki, ambao hukaa vichwa vikielekea mkondo, watakuonyesha ubavu badala ya mkia.

Kuhusu vifaa, mawili yanayoua flashi nyingi. La kwanza ni oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji kwenye kifuniko. Kina cha mita 20 msukumo ni mara 3 ya juu, na unywele mmoja chini ya oringi unatosha kuingiza maji. Itoe kwa kidole au kadi ya plastiki, usitumie kitu chenye ncha, futa mfereji wake, paka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Grisi nyingi haizibi zaidi, inashika mchanga. Baada ya mbizi loweka kwenye maji yasiyo na chumvi nusu saa kabla ya kufungua chochote, chumvi ikikauka inakata. La pili ni betri. Flashi nyingi hutumia nne za AA za kuchajiwa, za NiMH. Zitumike kama seti, mpya zisichanganywe na chakavu, na zisichajiwe zikiwa ndani ya flashi iliyofungwa, kwa kuwa hutoa gesi. Chumba cha betri kikiingia maji, kifungue polepole kikitazama mbali na uso wa mtu yeyote, kwa sababu gesi hiyo inaweza kurusha kifuniko.

Ombi letu ni dogo, Mhariri. Mkitoa picha ya chini ya maji inayosema jambo kuhusu hali ya bahari, mwombeni aliyeileta mambo manne ya kuweka chini yake: kina, umbali kutoka kwenye kamera, taa ilikuwa ipi na kwa nguvu gani, na maji yalikuwa yanajaa au yanapwa. Na picha yenu ile, aliyeipiga akiwa bado na faili la RAW (picha ghafi kama kamera ilivyoipokea), avute mwangaza chini hatua 2 atazame kama vijikombe vya tumbawe vinatokea. Kwa sehemu zilizoungua kabisa havitatokea, lakini kwenye kingo za doa rangi ya kahawia itaonekana.

Ni sisi,
Wapiga picha wa chini ya maji,
Unguja na Mafia